Imefika Stesheni Gani?

Palikuwa na laptopu moja ya mtumba katika duka la vyakula huko Ngamiani, Tanga. Kifuniko chake kilikuwa na mikwaruzo na kibodi imepungukiwa kitufe cha Q, lakini tumboni mwake mlikuwa na mambo mazito: hesabu za duka za miaka kadhaa, orodha ya wanaokopa sukari na mafuta, na picha za harusi ya shangazi. Mwenye mali alikuwa mama mwenye duka. Aliyeijua vizuri alikuwa binti yake wa kidato cha tatu. Aliyeigusa bila ruhusa alikuwa mdogo wake wa kiume, wa darasa la sita, na huyo ndiye mwenye makelele mengi katika hadithi hii.

Basi wanangu, laptopu hiyo ilikuwa imechoka. Unaiwasha, unakwenda kununua chapati kwa jirani, unarudi, bado inazungusha vidoti vyake. Isitoshe, ilikuwa na Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya toleo hilo. Kuhamia Windows 11 hakukuwezekana, kwani hiyo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa isiyo kuukuu, na laptopu nyingi za mtumba hazivuki hapo. Fundi wa mtaani alishauri inunuliwe nyingine. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza bei, akamuaga.

Usiku binti akasema, “Mama, tuiwekee Linux.”

“Hiyo haitakula hesabu zangu?”

“Haitakula. Nitazinakili kwanza kwenye diski ya nje. Halafu Linux itakaa pembeni, Windows ibaki palepale ilipo.”

“Sawa. Ila ukipoteza ile orodha ya madeni, utakwenda kuwadai wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba.”

Binti akanakili zile faili mara mbili.

Niwaambie kidogo hiyo Linux ni nini. Mwaka 1991, mjini Helsinki nchini Finland, kijana wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alianza kuandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Tarehe 25 Agosti mwaka huo aliwatangazia watu kazi yake, huku akiwaonya kwamba ni ya kujifurahisha tu na haitakuwa kubwa. Hapo alikosea sana. Kiini hicho, ambacho wajuzi hukiita kerneli, ndicho kilichomo leo katika kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nacho. Lakini kerneli peke yake haina madirisha, haina kalenda, haina mchezo wa karata. Kuna watu wanaoifungasha pamoja na programu nyingine na kuutoa mzigo wote bure. Debian ilianza mwaka 1993. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu juu ya Debian, na mwaka 2006 ikaja Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu. Binti yetu alichagua Mint, ile yenye mandhari mepesi ya Xfce, kwa kuwa inaridhika hata na kumbukumbu ya gigabaiti 2, na laptopu ya mama ilikuwa na 4.

Akapakua faili lake kwa bando la usiku, karibu gigabaiti tatu. Mdogo wake akaomba amalizie. Akalishika faili, akaliburuta hadi kwenye flashi, akachomeka flashi, akawasha laptopu. Ikaja Windows. Akazima, akawasha. Windows. Akabonyeza vitufe vyote vya juu kama mpiga kinanda.

“Imekataa!” akapiga kelele hadi mlango wa pili. “Dada, hii Linux yako imekataa!”

Sasa, barazani alikuwa ameketi babu yao, mzee aliyewahi kuwa stesheni masta katika reli ya Tanga. Kompyuta hakuijua. Simu yake mwenyewe alikuwa akiwashiwa na wajukuu. Lakini aliposikia neno hilo aliweka chini kikombe cha kahawa.

“Imekataa wapi?” akauliza.

“Babu, imekataa tu.”

“Hakuna kitu kinachokataa tu. Njoo hapa nikwambie. Zamani treni ikichelewa, abiria walikuwa wakiuliza kwa nini. Sisi hatukuuliza kwa nini, maana nani angejibu? Tuliinua simu. Muheza, imepita? Imepita. Korogwe, imepita? Imepita. Mombo? Bado. Basi tumekwisha jua mahali pa kutuma watu: ni kati ya Korogwe na Mombo, wala hapana haja ya kwenda kuchimba reli hapa Tanga. Hiyo mashine yako imepita stesheni gani ya mwisho?”

Mvulana akabaki kinywa wazi. Dada yake, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaja mbio na daftari.

Nami nawaambia, katika mafundi niliopata kuwaona wakihangaika na kompyuta, wazuri na wabovu hawatofautiani kwa wingi wa amri wanazozikariri. Mbovu huanza kubadilisha vitu. Mzuri hukaa kwanza akatazama ilipoishia.

Maana kompyuta nayo ina stesheni zake, na hupita kwa utaratibu uleule kila inapoamka. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, wa kwanza kuamka ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Katika mashine za zamani iliitwa BIOS. Za siku hizi zina UEFI. Hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta mahali penye mfumo wa kuanzisha. Ikiupata, humkabidhi kazi msimamizi wa kuanzisha, ambaye kwa Linux kwa kawaida ni GRUB, ile orodha ya maandishi inayokuuliza unataka kuingia wapi. GRUB huipakia kerneli. Kerneli huvitambua vifaa kimoja kimoja, kisha huianzisha programu ya kwanza kabisa, ambayo siku hizi mara nyingi huitwa systemd, na hiyo ndiyo huamsha huduma nyingine zote hadi unaona dirisha la kuandika nenosiri. Binti aliziandika stesheni hizo tano katika ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine: UEFI, GRUB, kerneli, systemd, dirisha.

Wakarudi kwenye laptopu. Je, walikuwa wameiona GRUB? Hapana, hata mara moja. Basi tatizo lilikuwa mwanzoni kabisa: UEFI haikuona chochote kwenye flashi cha kuanzishia. Na kweli haikuwa na cha kuona, kwa sababu faili la Linux lenye mwisho wa ISO haliburutwi kwenye flashi kama wimbo. Ndani yake mna picha kamili ya diski nzima, pamoja na sehemu ya kuanzishia, na ni lazima programu maalumu kama Rufus au balenaEtcher iiandike flashi upya kufuatana na picha hiyo. Kazi hiyo hufuta kila kilichokuwamo. Mvulana alikuwa na filamu mbili humo. Zikaenda.

Kabla ya kuandika, binti akafanya jambo ambalo wengi hulipuuza kisha hulia nalo. Tovuti ya Mint, kando ya kila faili, huweka mfuatano wa herufi na tarakimu 64 uitwao SHA256. Ukiikokotoa hesabu hiyo kwenye faili ulilopakua, lazima upate mfuatano uleule. Likiharibika kidogo tu njiani, hata biti moja kati ya mabilioni, mfuatano hubadilika wote. Katika Windows amri yake ni certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Wa kwao ulilingana. Usipolingana, usiendelee, pakua upya. Faili bovu ni tatizo baya kwa sababu hukuangusha mahali popote, leo hapa kesho pale, na hesabu ya stesheni inakuwa haina maana.

Flashi ikaandikwa. Laptopu ikawashwa. Windows tena.

“Haijapita stesheni ya kwanza,” mvulana akasema, safari hii kwa sauti ya mtu mzima.

Hapa palikuwa na mambo mawili. La kwanza, kila mtengenezaji ana kitufe chake cha kuitia orodha ya vifaa vya kuanzishia: F12 kwa wengine, F9 au Esc au F2 kwa wengine, nacho hubonyezwa mara tu mashine inapowaka. La pili ni la hila. Windows ina kitu kiitwacho Fast Startup: ukiizima, haizimiki kweli, bali huhifadhi hali yake diskini ili kesho iamke upesi. Mashine inayosinzia hivyo huweza kukiruka kitufe chako, na vilevile huacha sehemu ya Windows katika diski ikiwa imefungwa, Linux isiweze kuandika humo. Ukitaka Windows izimike kabisa, shikilia Shift huku ukichagua kuzima. Binti akafanya hivyo, kisha akaingia katika mipangilio na kuiondoa Fast Startup moja kwa moja.

Safari hii walipobonyeza kitufe, orodha ikaja, flashi ikachaguliwa, na GRUB ikaonekana. Babu akaitwa aje aione. Akasema ni nyeusi mno.

Wakachagua kuanzisha Mint. Nembo ikaonekana, kisha skrini ikawa giza tupu. Feni inazunguka, taa ya diski inapepesa, lakini giza.

Hapa ndipo watoto wengi, na watu wazima pia, hufunga kifuniko na kusema Linux mbovu. Lakini hesabu yetu inasemaje? UEFI imepita. GRUB imepita. Kerneli imeanza. Imekwama mbele ya hapo, au pengine haijakwama kabisa, inaendelea ila hatuioni. Tutajuaje?

Tutaifungua mdomo. Kerneli, wanangu, ina maneno mengi. Kila kifaa inachokigusa hukitangaza. Ila watengenezaji wa Mint na Ubuntu huinyamazisha ili wageni wasiogope. Ukiwa kwenye GRUB, simama juu ya mstari unaotaka kuuanzisha, bonyeza herufi e. Yatatokea maandishi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Karibu na mwisho wake utakuta quiet splash. La kwanza ndilo linaloiamuru inyamaze, la pili ndilo linaloweka picha ya kupendeza juu yake. Yafute, kisha bonyeza F10. Mabadiliko hayo ni ya mara hiyo moja tu. Ukizima na kuwasha, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo huna cha kuharibu.

Binti akayafuta. Maandishi meupe yakaanza kumiminika juu ya skrini kwa kasi, mvulana akishangilia kila mstari ingawa hakuelewa hata mmoja, mpaka yakasimama ghafla penye mistari inayotaja kadi ya picha.

Sasa wamejua. Si flashi, si diski, si kumbukumbu. Ni kerneli inapojaribu kuishika kadi ya picha kwa draiva yake. Dawa ya muda ya ugonjwa huo ni neno moja, nomodeset, linaloandikwa mahali palepale walipoyatoa yale mawili. Maana yake ni kuiambia kerneli: usijaribu kuitawala kadi ya picha, tumia picha ya kawaida uliyoachiwa na UEFI. Rangi zitakuwapo, ila uzito utausikia, na pengine skrini haitafikia ukubwa wake. Haidhuru, lengo ni kupita. Mint hata imeweka mstari wake katika ile orodha, uitwao compatibility mode, unaotia neno hilo kwa niaba yako.

Kadi za picha zimewasumbua watu wa Linux kwa miaka mingi, hasa za kampuni ambazo hazikutaka kuonyesha jinsi zinavyofanya kazi ndani. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, Torvalds aliitolea kampuni ya Nvidia tusi mbele ya hadhira, na ishara ya kidole juu yake. Nawaambieni mjue, si muige. Miaka kumi baadaye, Mei 2022, kampuni hiyo ilitoa hadharani msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa katika kerneli. Sidhani kama ni tusi lililofanya kazi hiyo, lakini wapo wanaopenda kuamini hivyo.

Kwa nomodeset, dirisha likafunguka. Mint ilikuwa inaendeshwa kutoka kwenye flashi, diski ya mama haijaguswa hata kidogo. Hiki ni kipindi cha majaribio, nami nakushauri ukikae kwa muda mrefu kuliko unavyotaka. Bonyeza kila kitufe. Cheza wimbo. Washa kamera. Kisichofanya kazi hapa hakitafanya kazi kwa miujiza baada ya kusakinisha.

Sauti ilifanya kazi. Kipanya, kamera, vyote. Waifai haikuwapo.

“Wa kumi na tatu huyo,” akasema babu, ambaye sasa alikuwa amehamisha kiti chake ndani. Hakuna aliyejua alikuwa anahesabu nini.

Kadi nyingi za waifai haziwezi kuanza bila kupewa faili dogo la maelekezo kutoka kwa mtengenezaji wake, na baadhi ya mafaili hayo, kwa sababu za leseni, hayawekwi ndani ya ISO. Unaambiwa uyapakue. Uyapakue kwa intaneti ipi, na waifai ndiyo iliyokosekana? Kitendawili hiki kimewalaza watu macho, na jibu lake liko mfukoni mwa kila mtu. Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, ingia katika mipangilio ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, bila kudai draiva mpya. Ikumbuke ile kerneli iliyomo ndani ya simu: Linux inaisaidia Linux. Binti akafungua terminali, akaandika lspci, ikamtajia jina na namba ya kadi; akafungua kidhibiti cha draiva cha Mint, akachagua iliyopendekezwa. Taa ya waifai ikawaka.

Wakaanza kusakinisha, pembeni ya Windows. Hapa nina maonyo mawili ya haraka kwa yasiyowapata wao. Ikiwa kisakinishi hakioni diski kabisa, tazama katika mipangilio ya UEFI kama diski imewekwa katika hali ya RAID au RST badala ya AHCI. Lakini ukiibadilisha hivi hivi, Windows iliyomo yaweza kugoma kuamka, kwa hiyo itayarishwe kwanza. Na ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote katika UEFI. Ukiguswa mpangilio, Windows itakuuliza ufunguo huo, na haitakuuliza mara mbili kwa upole.

Katikati ya kusakinisha, umeme ukakatika mtaa mzima. Betri ikashika. Mama aliwasha mshumaa dukani akaendelea kupima unga.

Kazi ikaisha, flashi ikatolewa, laptopu ikawashwa upya. Windows! Mvulana alifungua kinywa, akakifunga, akaangalia daftari. “Haikufika GRUB,” akasema taratibu. “Kwa hiyo ni UEFI. Imekwenda kwa Windows kwa mazoea.” Na ndivyo ilivyokuwa. UEFI huweka orodha ya nani aanzishwe kwanza, na mashine nyingine hung’ang’ania jina la zamani hata jipya likiongezwa. Wakaingia katika mipangilio, wakalipandisha jina la Linux juu, wakahifadhi. GRUB ikaja na majina mawili, Mint na Windows. Waliingia Mint kwa nomodeset mara moja ya mwisho, wakaweka draiva halisi ya kadi ya picha, na neno hilo halikuhitajika tena.

Mama alipofungua hesabu zake ndani ya LibreOffice alizikuta zote, madeni yakiwemo. Programu hiyo ni mzao wa OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuitwa Jambo OpenOffice. Kuna wazee wa kompyuta nchini walioanza na menyu za Kiswahili kabla wasomaji wa hadithi hii hawajazaliwa.

Siku ya pili mama akawasha Windows ili achapishe stakabadhi, akaita, “Hii saa imekuwaje?” Msikitini waliadhini Alasiri, inakaribia saa kumi, na kompyuta inasema inakaribia saa saba. Ndani ya laptopu mna saa ndogo inayotembea hata mashine ikizimwa. Windows huisoma kama saa ya hapa nyumbani. Linux huiweka katika saa ya dunia, UTC, kisha hujumlisha saa tatu zetu. Moja ikiirekebisha, nyingine hupotea kwa saa tatu kamili. Sisi tunaoita saa mbili asubuhi kile ambacho skrini inaandika 8:00 hatuwezi kuwalaumu sana. Binti akaandika timedatectl set-local-rtc 1 katika Linux ili nayo ifuate desturi ya Windows. Mfumo ukamnung’unikia kwamba njia hiyo haipendekezwi, lakini saa zikapatana.

Ikabaki printa. Mvulana aliogopa printa kuliko vyote; alikuwa amesikia habari zake. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachora mstari, akaandika tarehe, akaandika jina la printa na namba yake, akaacha nafasi ya maneno yatakayotokea kwenye skrini. Kisha akachomeka waya. Mint ikaonyesha ujumbe mdogo pembeni kwamba printa iko tayari, na stakabadhi ya kilo mbili za mchele ikatoka.

“Imepita stesheni zote?” babu akauliza.

“Zote,” akajibu mvulana, na hakuonekana kufurahi hata kidogo.